Edward Victor Appleton (1892–1965): Maisha, Majina na Matabaka ya Anga ya Juu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanasimulia maisha ya Edward Victor Appleton, mwanafizikia Mwingereza aliyethibitisha kwa vipimo kuwako kwa matabaka yenye umeme katika anga ya juu, yale yanayorudisha ardhini mawimbi ya redio ambayo bila hayo yangepotelea mbali. Huenda msomaji akashangaa kuyakuta maisha hayo katika jarida la Kiswahili. Sababu yetu ni ya kiisimu. Wanasayansi wachache wa karne ya 20 wamegeuzwa kuwa istilahi mara nyingi kama yeye: lipo tabaka la Appleton, upo mlinganyo wa Appleton na Hartree, na ipo hitilafu ya Appleton. Istilahi inayoundwa kwa jina la mtu humkumbuka mmoja na kuwaacha wengine gizani. Aidha, hulifanya wazo lililokuwa dhana ya wakati fulani lionekane kuwa sehemu ya maumbile yenyewe. Tunakusudia kuonyesha kwamba jina la Appleton limefunika vyote viwili: watu aliofanya nao kazi, na dhana moja kubwa kuhusu anga, dhana iliyoanza kutikisika yeye angali hai na ambayo rada za Arecibo na Tromsø ziliivunja baada ya kufa kwake.

Neno moja kuhusu istilahi zetu kabla ya kuendelea. Watangazaji wa Kiswahili wamezoea kutumia neno masafa kwa maana mbili, yaani urefu wa wimbi na idadi ya mitetemo yake kwa sekunde. Katika mazungumzo ya kawaida utata huo haudhuru. Hapa utadhuru, kwa hiyo tutasema urefu wa wimbi kwa maana ya kwanza na kima cha mitetemo kwa maana ya pili.

2.0 Kutoka Bradford hadi Cambridge

Appleton alizaliwa tarehe 6 Septemba 1892 katika mji wa Bradford, kaskazini mwa Uingereza, mji wa viwanda vya sufu. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa ghala. Hapakuwa na mali ya kumpeleka mtoto chuo kikuu, na njia yake ilikuwa ile ya watoto wengi wa tabaka lake waliofika mbali, yaani mitihani na ufadhili wa masomo. Kutoka shule ya Hanson pale Bradford alikwenda Chuo cha St John's, Cambridge, akahitimu katika sayansi akiwa na daraja la kwanza. Huko alifundishwa katika zama za J. J. Thomson, aliyekuwa ameigundua elektroni mwaka 1897. Jambo hili halikuwa dogo, kwa kuwa takriban kila alichofanya Appleton baadaye kilitokana na swali moja: elektroni iliyo huru hufanya nini wimbi la redio linapopita?

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vilimtoa chuoni. Alitumikia katika kikosi cha wahandisi wa jeshi, na katika kazi za mawasiliano akakutana na vali za redio, chombo kipya wakati huo. Mwaka 1915 alimwoa Jessie Longson, wakajaliwa mabinti wawili. Baada ya vita alirudi Cambridge, kwenye maabara ya Cavendish, ambayo tangu mwaka 1919 ilikuwa chini ya Ernest Rutherford.

Kazi zake za miaka hiyo ya mwanzo husahauliwa mara nyingi, na kwa maoni yetu ni kosa kuzisahau. Mwaka 1922 yeye na Mholanzi Balthasar van der Pol walichapisha uchunguzi juu ya tabia moja ya ajabu ya vali inayotetema. Vali hiyo haikujibu kwa uwiano sawa na nguvu iliyoisukuma. Ukiiongezea nguvu kidogo, huruka ghafla kutoka hali moja hadi nyingine. Ukiipunguzia, hairudi kwa njia ileile iliyojia. Kwa maneno mengine, Appleton alijua vema, tena mapema, kwamba vipo vitu ambavyo ishara inayovipitia huvibadilisha. Tukumbuke hilo, pamoja na jina la van der Pol, maana tutalihitaji mbele.

3.0 Usiku wa Bournemouth

Mwaka 1901 Guglielmo Marconi alikuwa amepeleka ishara ya redio kutoka Cornwall hadi Newfoundland, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Dunia ni mviringo na mawimbi husafiri kwa mstari ulionyooka. Basi yaliwezaje kuuzunguka mgongo wa bahari? Mwaka 1902 Arthur Kennelly huko Marekani na Oliver Heaviside huko Uingereza walipendekeza, kila mmoja kwa upande wake, kwamba lipo tabaka la juu linalopitisha umeme na kuyarudisha mawimbi chini. Hata kabla yao, mwaka 1882, Balfour Stewart alikuwa amewaza juu ya tabaka kama hilo ili kueleza mabadiliko madogo ya kila siku ya usumaku wa dunia. Lakini kwa zaidi ya miaka 20 baada ya Marconi, tabaka hilo lilibaki kuwa jambo la kukisiwa. Halikuwa limepimwa.

Mwaka 1924 Appleton, akiwa na umri wa miaka 32 tu, aliteuliwa kuwa profesa wa fizikia katika Chuo cha King's, London. Msaidizi wake alikuwa mwanafunzi wa utafiti kutoka New Zealand, Miles Barnett. Wawili hao walikuwa wameona kwamba ishara za vituo vya utangazaji hufifia na kupata nguvu tena usiku, na wakafikiri kwamba huenda mawimbi mawili yanampata msikilizaji, moja likitambaa ardhini na jingine likishuka kutoka juu. Miinuko ya mawimbi hayo ikikutana, sauti hupata nguvu. Mwinuko wa moja ukikutana na bonde la jingine, sauti hudidimia. Yeyote aliyewahi kusikiliza matangazo ya mbali katika redio ya masafa mafupi anaijua sauti hiyo inayopanda na kushuka kama chombo baharini.

Ili kulithibitisha wazo hilo waliomba msaada wa shirika la utangazaji la BBC. Usiku wa tarehe 11 Desemba 1924, vipindi vya kawaida vilipokwisha, kituo cha Bournemouth kilirusha wimbi ambalo urefu wake ulibadilishwa polepole kwa kiasi kidogo, nao wakapokea huko Oxford, umbali wa zaidi ya kilometa 100. Ikiwa wimbi ni moja tu, nguvu yake isingebadilika. Ikiwa ni mawili yaliyopitia njia za urefu tofauti, nguvu ingepanda na kushuka mara kadhaa, na kwa kuhesabu mara hizo mtu angeweza kukokotoa tofauti ya njia zile mbili, na kutoka hapo, kwa jiometri ya shuleni, kimo cha kile kilicholirudisha wimbi. Nguvu ilipanda na kushuka. Kimo kilitokea kuwa takriban kilometa 90.

Uzuri wa jaribio hili, kwetu sisi tusio wanafizikia, ni uchache wa vifaa vyake. Hakuna mtambo mpya uliojengwa. Kituo kilikuwapo tayari kwa ajili ya muziki na habari. Kilichoongezwa kilikuwa swali lililoulizwa vizuri.

Katika majira ya baridi ya 1926 na 1927 akapata jambo la pili. Kabla ya alfajiri, tabaka lile la chini likiwa limepoteza elektroni zake nyingi usiku kucha, mawimbi yalilipenya, na badala ya kupotea yalirudi kutoka mahali pa juu zaidi, kiasi cha kilometa 230, penye elektroni nyingi kuliko chini. Hili ndilo tabaka lililokuja kuitwa kwa jina lake, na ndilo linalobeba matangazo ya mabara ya mbali. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza mwaka 1957, maneno yaliyotoka London yaliwafikia wasikilizaji wa pwani na bara ya Afrika Mashariki kwa kurukaruka baina ya ardhi na tabaka hilo.

4.0 Herufi

Hapa mwanaisimu anapata chakula chake. Appleton hakuyapa matabaka yake jina lake mwenyewe. Katika hesabu zake alikuwa amezoea kuandika E kwa uga wa umeme wa wimbi lililorudi kutoka tabaka la kwanza. Alipopata wimbi lililorudi kutoka juu zaidi, aliandika F, herufi inayofuata. Baadaye kidogo alipoona haja ya kutaja eneo lililo chini ya E, akachukua D. Faida ya mpango huo ni kwamba uliacha nafasi pande zote mbili, endapo wengine wangegundua matabaka zaidi. Herufi A na B zilibaki bila kazi, na kwa upande wa juu F ikagawanyika kuwa F1 na F2 badala ya kuipisha G.

Wanafunzi wetu hufundishwa kwamba uhusiano wa neno na kitu ni wa nasibu. Mfano huu ni mzuri kwa darasa, kwa sababu unaonyesha nasibu hiyo ikiwa na historia: E ilikuwa na maana kwenye karatasi ya hesabu ya mtu mmoja, ikahamia angani, na huko ikasahau ilikotoka. F na D hazikuwa na maana yoyote tangu mwanzo isipokuwa ujirani wao na E. Hata hivyo istilahi hizo zimedumu, ilhali jina la tabaka la Appleton sasa hukutwa zaidi katika historia kuliko katika maabara, ambako husemwa F na basi. Jina la eneo zima, ionosfea, halikutoka kwake pia. Lilipendekezwa na Robert Watson-Watt katika barua ya mwaka 1926.

Neno la tatu linalotuhusu lilizaliwa karibu na wakati huohuo, upande wa pili wa bahari. Mwaka 1928 Mmarekani Irving Langmuir, aliyekuwa akichunguza gesi zinazowaka ndani ya taa za umeme, aliita gesi yenye elektroni na ioni huru plazma, neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kilichofinyangwa, ambalo madaktari walikuwa wakilitumia tayari kwa majimaji ya damu. Langmuir alionyesha kwamba elektroni za plazma zikisogezwa kutoka mahali pake hurudi, hupitiliza, hurudi tena, na hivyo hutetema kwa kima maalumu kinachotegemea msongamano wao. Mitetemo hiyo inaitwa mawimbi ya Langmuir. Tabaka la Appleton ni plazma, lakini kwa miaka mingi watu wa anga na watu wa taa hawakuwa na mazungumzo mengi.

5.0 Mlinganyo na wenyewe

Kupima kimo cha tabaka ni jambo moja. Kueleza wimbi linavyosafiri ndani yake ni jambo jingine, tena gumu zaidi, kwa sababu dunia ina usumaku. Elektroni iliyo katika uga wa usumaku haichezi upendavyo wimbi. Hupindishwa. Matokeo yake ni kwamba wimbi moja linaloingia katika ionosfea hugawanyika kuwa mawili yenye mwendo tofauti. Mlinganyo unaoeleza jambo hilo ndio unaoitwa wa Appleton na Hartree. Appleton aliutangaza kwa ufupi mwaka 1927 na kuuchapisha kwa ukamilifu mwaka 1932.

Mwanahistoria C. Stewart Gillmor alionyesha mwaka 1982 kwamba hesabu hizo hazikufanywa na Appleton peke yake. Mnamo 1925 na 1926 alikuwapo London kijana wa Austria, Wilhelm Altar, aliyefanya kazi pamoja na Appleton juu ya jambo hilohilo, na sehemu kubwa ya ukokotoaji ilikuwa ya mkono wake. Altar hakuchapisha, na jina lake halikuingia katika mlinganyo. Mjerumani H. Lassen naye alichapisha nadharia inayokaribiana sana na hiyo mwaka 1927. Ama Douglas Hartree, ambaye jina lake limo, mchango wake mahususi ulikuwa kuongeza kipengele kimoja katika hesabu, na baada ya mjadala wa miaka mingi ilikubalika kwamba kwa ionosfea kipengele hicho hakihitajiki. Kwa hiyo mlinganyo unaotumika unambeba kwa jina mtu ambaye nyongeza yake imeondolewa, na unamwacha nje mtu ambaye kazi yake imebaki. Hatudhani mfano mkali kuliko huu utapatikana kwa urahisi katika historia ya istilahi.

Je, Appleton alidhulumu? Tusihukumu kwa haraka. Katika maabara za wakati huo profesa alikuwa na haki ya kwanza ya kazi iliyofanywa chini ya mwavuli wake, na wasaidizi wengi, akiwamo Barnett, walichapisha pamoja naye na majina yao yakaonekana. Lakini Altar si kisa pekee. Mwezi Februari 1942 J. S. Hey, aliyekuwa akichunguza vurugu katika rada za jeshi la Uingereza, aligundua kwamba jua lenyewe hurusha mawimbi ya redio. Siri ya vita ilimzuia kutangaza. Mwaka 1945 Appleton alichapisha maelezo juu ya kelele za redio kutoka juani, akitegemea taarifa za wasikilizaji wasio wa kulipwa wa miaka ya 1930, kabla Hey hajapata nafasi ya kuchapisha yake mwaka 1946. Baadaye mwaka huohuo wawili hao waliandika pamoja. Msomaji apime mwenyewe. Sisi tunaona mtu mwenye bidii kubwa mno ya kuwa wa kwanza, na bidii hiyo ndiyo iliyomfikisha Bournemouth pia.

Sasa tutazame dhana iliyomo ndani ya mlinganyo. Mlinganyo unachukulia kwamba wimbi ni dhaifu. Elektroni hutikisika kidogo linapopita, kisha kila kitu hurudi kama kilivyokuwa. Anga ni kama kioo: hukuonyesha sura yako, na sura yako haikibadilishi kioo. Kwa vipimo vya Appleton dhana hiyo ilitosha kabisa. Hata hivyo, ilikuwa dhana, na aliyeiweka ni mtu yuleyule aliyechunguza vali zisizojibu kwa uwiano.

6.0 Tromsø na sauti ya Luxembourg

Mwaka 1925 Gregory Breit na Merle Tuve, huko Marekani, walianza kupima ionosfea kwa njia nyingine. Walirusha mipigo mifupi ya mawimbi na kupima muda ambao mwangwi ulichukua kurudi. Njia hiyo ni wepesi wa kueleweka kuliko ile ya Bournemouth, na Appleton naye akaichukua. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930 vipimo vya kawaida vilianza kufanywa katika kituo cha Slough, karibu na London. Kipimo muhimu kilikuwa kima cha juu kabisa cha mitetemo ambacho tabaka bado linaweza kukirudisha, wimbi likirushwa wima. Zaidi ya hapo wimbi hupenya. Kima hicho humwambia mpimaji msongamano wa elektroni kwenye kilele cha tabaka. Vipimo vya Slough viliendelezwa kwa miongo mingi na kuonyesha jinsi anga ya juu inavyofuata mzunguko wa madoa ya jua wa takriban miaka 11.

Katika Mwaka wa Pili wa Kimataifa wa Ncha za Dunia, 1932 hadi 1933, Appleton aliongoza msafara wa Waingereza uliopiga kambi karibu na Tromsø, kaskazini mwa Norwe, kwenye latitudo ya karibu nyuzi 70, nchi ya mianga ya kaskazini. Huko waliona jambo ambalo Slough haikuwaonyesha. Usumaku wa dunia ulipovurugika sana, miangwi haikubadilika tu, bali ilitoweka kabisa, kwa kuwa chembe zilizoshuka kutoka juu ziliongeza elektroni katika eneo la chini, nazo zikayafyonza mawimbi kabla hayajafika mbali.

Wakati msafara huo ukikaribia kumalizika, jambo jingine lilitangazwa kutoka Eindhoven, Uholanzi. Bernard Tellegen, mtafiti wa kampuni ya Philips na mwenzake van der Pol tuliyekwisha kumtaja, alikuwa akisikiliza kituo cha Beromünster cha Uswisi. Nyuma ya sauti ya Uswisi akasikia kipindi cha Luxembourg, kituo chenye nguvu nyingi lakini chenye urefu wa wimbi tofauti kabisa. Chombo chake kilikuwa kizima. Vituo viwili vilikuwa vimechanganyikana angani. Tellegen alichapisha taarifa yake mwaka 1933, na mwaka uliofuata V. A. Bailey na D. F. Martyn wakatoa maelezo. Wimbi kali la Luxembourg liliipasha joto plazma iliyokuwa njiani. Elektroni zilizopashwa joto ziligongana na chembe za hewa mara nyingi zaidi, ufyonzaji ukabadilika kwa kufuata mdundo wa muziki wa Luxembourg, na wimbi la Uswisi lilipopita hapo likachapwa muziki usio wake.

Kioo, basi, kilikuwa kimebadilishwa na sura. Bailey akaenda mbali zaidi. Katika miaka ya 1937 na 1938 alipendekeza kwamba mitambo yenye nguvu za kutosha, ikirusha mawimbi kwa kima kinacholingana na mzunguko wa elektroni katika usumaku wa dunia, ingeweza kuifanya anga ya usiku ing'ae. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Appleton mwenyewe hakuifanya njia hiyo kuwa yake. Utafiti wake ulibaki katika kupima anga jinsi ilivyo.

7.0 Serikali, tuzo na Edinburgh

Mwaka 1936 alirudi Cambridge kuwa profesa, akakaa miaka mitatu tu. Mwaka 1939 aliitwa kuwa katibu wa idara ya serikali ya Uingereza ya utafiti wa sayansi na viwanda, na humo alipitisha vita vyote. Mradi wa siri wa Waingereza wa bomu la atomiki ulikuwa chini ya idara hiyo. Ama rada, iliyowalinda Waingereza mwaka 1940, ilitokana na jaribio la Watson-Watt na Arnold Wilkins la tarehe 26 Februari 1935, na mbinu zake zilikuwa ndugu wa mbinu za ionosfea. Nani hasa aliyeizaa lilikuwa jambo la ubishi baina ya Watson-Watt na Appleton, nasi hatuna nafasi ya kuufuata hapa.

Hata akiwa mtawala hakuacha utafiti. Mwaka 1946 alichapisha taarifa fupi inayowahusu moja kwa moja wakazi wa tropiki. Mtu angetarajia msongamano wa elektroni uwe mkubwa zaidi pale jua linapowaka utosini. Vipimo vilionyesha kwamba sivyo: kando ya ikweta ya usumaku upo upungufu, na pande zake mbili, kaskazini na kusini, ipo milima miwili ya msongamano. Hiyo ndiyo hitilafu ya Appleton. Baadaye ilielezwa kwamba mchana uga wa umeme huiinua plazma ya ikweta, kisha plazma hiyo huteremka pande zote mbili kwa kufuata mistari ya usumaku, mfano wa maji ya chemchemi. Kwa upande wetu wa bara ikweta ya usumaku hupita Ethiopia, na kwa hiyo mlima wa kusini huangukia katika latitudo za Tanzania. Mishtuko ya ishara za setilaiti inayoonekana huku baada ya magharibi ina uhusiano na jambo hili.

Alitunukiwa hadhi ya Sir mwaka 1941 na Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 1947, kwa uchunguzi wa anga ya juu na hasa kwa ugunduzi wa tabaka lenye jina lake. Tuzo ilitolewa kwa mtu mmoja. Mwaka 1949 akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, wadhifa alioushika mpaka mwisho. Mwaka 1956 alitoa mfululizo wa mihadhara ya Reith katika redio ya BBC juu ya sayansi na taifa. Jessie alifariki mwaka 1964. Mwaka 1965 Appleton alimwoa Helen Allison, aliyekuwa katibu wake, na muda mfupi baadaye, tarehe 21 Aprili 1965, akafariki dunia huko Edinburgh.

8.0 Anga iliyopashwa joto

Mwaka uleule wa kifo chake, D. F. DuBois na M. V. Goldman walichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba wimbi kali likiingia katika plazma linaweza kujivunja lenyewe na kuzaa mawimbi mengine. Wimbi linaporushwa juu kuelekea tabaka la F, hufika mahali ambapo kima chake cha mitetemo kinalingana na kile cha elektroni za hapo. Likiwa dhaifu, huakisiwa karibu na hapo, kama mlinganyo wa Appleton unavyosema. Likizidi kiwango fulani cha nguvu, huzaa jozi: wimbi la Langmuir, na wimbi la polepole la ioni linalofanana na sauti. Wimbi la Langmuir nalo huzaa jozi yake, na kuendelea, mpaka mahali hapo panakuwa na msukosuko. Katika hali kali zaidi, mawimbi ya Langmuir hujichimbia vishimo vidogo katika plazma, hunaswa humo, vishimo hujifinya na kuporomoka, kisha vingine huchimbwa.

Mwaka 1970 mitambo ya kupasha joto ilianza kazi huko Platteville katika jimbo la Colorado na huko Arecibo, Puerto Rico. Arecibo ilikuwa na faida moja kubwa: antena yake ya meta 305 ilikuwa pia rada ya kutazamia plazma. Rada ya namna hiyo haioni kila kitu. Huona tu mawimbi ambayo urefu wake ni nusu ya urefu wa wimbi lake yenyewe. Kwa rada ya Arecibo ya megahezi 430 ni sentimeta 35 hivi, na kwa rada ya Tromsø ya karibu megahezi 930 ni sentimeta 16. Mtambo wa joto ulipowashwa, mwangwi kutoka mawimbi ya Langmuir, uliokuwa hafifu kiasi cha kutoonekana kwa urahisi, uliongezeka ghafla mara nyingi mno, ukijitokeza mbali na kima cha rada kwa kiasi kinachokaribia kima cha mtambo wa joto wenyewe. Kutokana na umbo la mwangwi huo watafiti waliweza kutofautisha mawimbi yanayozaana kwa utaratibu na yale ya vishimo vinavyoporomoka. Antena ya Arecibo iliporomoka tarehe 1 Desemba 2020.

Mtambo wa joto wa Tromsø ulijengwa na Wajerumani wa taasisi ya Max Planck pamoja na Chuo Kikuu cha Tromsø mnamo 1980, ukiwa na vyombo 12 vya kurushia mawimbi, kila kimoja cha kilowati 100. Rada ya EISCAT iliyo kando yake ilizinduliwa mwaka 1981. Mahali penyewe ni bonde la Ramfjord, katika nchi ileile ambako msafara wa Appleton ulikwenda kusikiliza miangwi miaka 50 kabla.

Hata hivyo, kabla ya kuwasha mtambo mtafiti wa Tromsø hutazama kwanza picha ya miangwi kutoka chombo cha kupimia ionosfea kwa mipigo, ili ajue siku hiyo tabaka la F linaweza kurudisha kima gani cha juu kabisa cha mitetemo. Kima hicho kikiwa chini mno, kama inavyotokea mara kwa mara katika usiku wa majira ya baridi, wimbi lingepenya na kwenda zake. Hapo mtambo huachwa umezimwa, na watu husubiri jua.